Siku tuliyoshinda Saranda

Waliosafiri na treni ya bara miaka ya tisini ukiwatajia Saranda, stesheni ndogo kati ya Dodoma na Tabora, wanawaza kuku tu, na siwalaumu, hata mimi ilikuwa hivo hivo mpaka Januari 1994, siku treni yetu ilipoingizwa njia ya pembeni pale saa za mchana ikakaa mpaka jua linakaribia kuzama.

Nilikuwa narudi shule Tabora, likizo imeisha, na mjomba alikuwa na safari yake ya Mwanza basi mama akamkabidhi mimi na sanduku langu. Tulitoka Dar jana yake jioni, daraja la tatu, limejaa mpaka watu wamekalia mabegi kwenye korido, ukitaka kwenda chooni unaomba radhi kwa nusu ya behewa. Mjomba alikuwa gadi mstaafu, yule msimamizi wa treni anayekaa behewa la mwisho. Alianza kazi enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, reli ikiwa moja kwa nchi tatu na makao makuu Nairobi, ilipovunjika 1977 kila nchi ikabaki na kipande chake na yeye akarudi huku. Ukisafiri nae usitegemee kulala, kila stesheni ana stori.

Dodoma tuliipita asubuhi, Bahi, Kintinku, af Saranda. Treni haijasimama vizuri wauzaji washafika madirishani, mabeseni kichwani, kuku mzima kakaangwa kawa rangi ya udongo, wengine wa kuchemsha na mchuzi kwenye ndoo, wali, mayai, vyote vinapita dirishani. Kuna ufundi wake. Hela hutoi kabla hujamshika kuku, na ukiwa na noti kubwa unaomba chenji kwanza, maana honi ikilia na treni ikaanza kutambaa imekula kwako. Mjomba yeye alikuwa anamgeuza kuku, anambonyeza paja, anamnusa, anamrudisha, anachukua mwingine, mpaka yule dada akamwambia babu we unaoa au unanunua? Behewa zima likacheka.

Sasa tukala, tukamaliza, honi kimya. TT, mkaguzi wa tiketi, akapita akasema tunapishana, kuna treni ya mizigo inashuka toka Manyoni. Reli yenyewe ni njia moja tu, kwahiyo mmoja lazima ajifiche stesheni mwenzie apite. Saa moja ikaisha, ya pili ikaisha. Wauzaji wakatua mabeseni chini ya mwarobaini wakaanza kusukana. Abiria wakashuka kunyoosha miguu, watoto wakaogeshwa na maji ya ndoo pembeni ya reli, yani pakageuka kijiji. Mjomba akaniambia twende tukamsalimie stesheni masta.

Ofisi yenyewe kachumba tu, dirisha la tiketi upande mmoja, mizani ya vifurushi kwenye kona na madumu ya asali yamepangwa yanasubiri kwenda Dar, kila moja limefungwa kipande cha boksi chenye jina. Nikatoa shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa, alikuwa anaandika. Mezani simu nyeusi ya kuzungusha mkono, daftari kubwa kama la mahakama, ukutani saa, na chini ya meza taa mbili za mkono za kuonyeshea ishara usiku. Wakaanza kuulizana na mjomba habari za watu, fulani kastaafu, fulani kafariki, fulani yuko Kaliua. Ile simu ya reli ikawa inalia kila mara na si zote za kazi, moja ilikuwa ya kuuliza kama mgonjwa aliyepandishwa jana kafika salama, nikaelewa kumbe hapo ndo posta, ndo simu ya mji, ndo kila kitu.

Halafu ikalia ya kazi. Nilimuona mtu amebadilika sura. Akasimama, akaitikia kwa sauti kubwa, akarudia namba aliyotajiwa tarakimu moja moja, akaangalia saa, akaandika kwenye daftari kwanza, ndo akaandika kwenye karatasi na kusaini. Mjomba akaninong'oneza hiyo ndo laini klia, ruhusa kwamba njia ya mbele iko wazi. Kati ya stesheni na stesheni inaruhusiwa treni moja tu, na dereva hagusi kipande hicho bila karatasi yake mkononi hata awe amebeba mawaziri. Bila namba toka stesheni ya mbele, karatasi haiandikwi.

Mizigo ilikuja bila kusimama. Pointsman, yule anayegeuza njia za reli, akachukua ufito uliopindwa duara wenye mkia, karatasi ikabanwa pale, akaenda kusimama karibu na reli karibu mno kwa macho yangu, mkono juu. Kichwa cha treni kikaja kinanguruma, msaidizi wa dereva kainama mlangoni mkono nje, akapitisha mkono ndani ya duara, akaondoka nao! Jamaa hakupepesa hata macho. Mabehewa ya pamba yakapita, matenki matupu yakapita, ya mwisho gadi akapunga, mjomba akampungia kwa namna ya kwao wanayoijua wenyewe.

Tunarudi kwenye behewa mjomba akapiga taruma, lile pau linalolaliwa na reli, teke la kiatu, likalia. Chuma, akasema, mbao hapa mchwa wangeshamaliza. Ndo akaanza ya Mjerumani, kwamba walianza kujenga reli Dar 1905, Morogoro wakafika 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914, mwaka huohuo vita vikaanza na miaka miwili baadae walewale waliojenga wakawa wanalipua madaraja wakirudi nyuma. Hajawahi kusoma hayo kitabuni, alirithishwa na wazee wa genge, wale mafundi wa kutengeneza njia, lakini nilivyokuja kusoma baadae miaka yote iko sawa. Alichokisisitiza zaidi ni kwamba mzungu alipima njia, waliobeba mataruma kichwani ni babu zetu, na hapo alikuwa mkali kidogo.

Mambo ya laini klia yalinirudi Juni 2002, ile ajali ya Dodoma, treni ya abiria ilipokosa breki mlimani ikaserereka kurudi nyuma ikagongana na ya mizigo, wakafa watu zaidi ya 280. Mjomba alikuwa hai bado. Nilimpigia, hakutaka kuongea, akasema nitakupigia na hakupiga.

Basi honi ikalia, watu wakakimbia, mama mmoja akapandishiwa mtoto dirishani kwanza ndo yeye akazunguka mlangoni. Tulipanda mlima kwenda Manyoni taratibu mno, unaweza kushuka ukachuma ua ukapanda. Itigi giza tayari. Tabora tumeingia usiku mkubwa wanaanza kukata mabehewa, ya Kigoma huku, ya Mwanza kule, taa za mkono zinayumba yumba na watu wanaitana. Mjomba akanishushia sanduku, akanipa paja la kuku alilolifunga kwenye gazeti toka mchana, akarudi ndani haraka kuwahi siti yake maana kuna mzee alikuwa ameshaanza kuikalia.