Sukuma ya kando ya mto: anza na chokaa
Ukilima sukuma kando ya Mto Nairobi, pima pH (kiwango cha asidi) ya udongo kabla ya kununua chochote. Ikiwa chini ya 6, yaani asidi ni nyingi, kadimi (metali yenye sumu) huyeyuka na kupanda hadi kwenye majani. Kupunguza asidi, tandaza chokaa ya shambani (ile ya ukutani ni kali, huunguza mizizi) gramu 200 kwa kila mita mraba, ichanganye hadi sentimita 15, mwagilia, ngoja wiki tatu. Usiiweke siku moja na samadi, naitrojeni itapotea hewani. Ukizidisha chokaa, zinki na chuma ambavyo mmea unahitaji hukwama udongoni, majani machanga yanageuka manjano. Risasi, metali nyingine yenye sumu, ni kesi tofauti: nyingi huja na vumbi na matope yanayorukia majani, hivyo tandaza nyasi kavu na uoshe mboga vizuri. Chokaa haiondoi metali, huzifunga tu. Asidi ikirudi, zinaachiliwa. Pima kila mwaka.