Nimefufua miguu ya MX-5 ya 1994 bila koilova na bila kuuza figo

Kwanza niseme hivi, ukimwambia mtu yeyote anayejifanya mjuzi wa gari ndogo za spoti kwamba gari yako imechoka miguu, yaani shokapu, springi na raba zake, atakutajia koilova tu, zile shokapu zenye springi za kupandisha na kushusha gari. Haulizi inagonga wapi, haulizi matairi yanalika upande gani, yeye anataka ushushe gari mpaka ilambe lami basi. Mimi nimeshauriwa hivyo na watu wa kila aina, wengine hata gari hawana. Na bei yake sasa, zile za maana zinakula hela inayokaribia thamani ya gari nzima, za bei chee ndo hizo zinavuja mafuta mapema halafu zinakurusha kichwa kwenye kila kishimo. Nikasema hapana, lazima kuna njia nyingine.

Gari yangu ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile NA ya taa za kuinuka, injini ya 1.8. Hizi zilianza kutoka 1989, NA ya mwisho mwisho ni ya 1997, kwa hiyo hata iliyotunzwa vipi kwa sasa ni bibi, na mara nyingi raba zake za chini ni zile zile ilizotoka nazo kiwandani. Watu wanakimbilia shokapu kwa sababu ndo kitu kinachoonekana ukivua tairi, bushi, yaani hizo raba, hakuna anayezikumbuka, wakati hii gari ina amu (vyuma vinavyoshika gurudumu) mbili mbili kila gurudumu, mbele na nyuma, na kila amu inaning'inia kwenye raba. Jumla ni zaidi ya dazeni. Zikichoka zote kwa pamoja hata umfungie shokapu ya mbio za magari haikusaidii.

Dalili zangu zilikuwa za wazi. Nikipita tuta inagonga ko ko mbele, nikikanyaga breki inavuta upande mmoja nikiachia inarudi upande wa pili, na kwenye kona ndefu nyuma inajiamulia mambo yake. Matairi yakawa yanalika kwa ndani. Nikapeleka alaimenti, kunyoosha magurudumu, jamaa akahangaika huko chini akatoka na jasho akaniambia zile bolti za kurekebishia zimeganda, hazizunguki, halafu akanichaji hela kamili! Niliondoka nimenuna kweli kweli. Fundi wa pili akabonyeza gari kwenye kona za mbele na nyuma, ikadunda dunda, akasema shokapu zote nne zimekufa, lete mpya yaishe. Shokapu ni kweli zilikufa, moja ilikuwa imelowa mafuta mpaka kwenye kikombe cha springi, lakini hako ka kipimo ka kubonyeza hakakuambii chochote kuhusu bushi. Bushi unaipima kwa mtaimbo mdogo, unauingiza kati ya amu na fremu unasukuma taratibu. Ukiona amu inahama na raba imeachana na kile kibomba cha katikati, hiyo ishakwenda na maji.

Sasa ngoja niwape ujanja ambao najisifia mpaka leo. Hawa wote wanaonunua koilova, miguu yao ya zamani wanaipeleka wapi? Stoo. Inakaa inakula vumbi na mke anapiga kelele. Na MX-5 ya kizazi cha pili, NB, iliyoanza 1998, miguu yake inaingia kwenye NA bila kuchonga chochote, ilimradi uchukue mguu mzima pamoja na maunti yake ya juu, kile kiti kinachofunga mguu kwenye bodi. Usije ukachanganya shokapu ya huku na maunti ya kule bila kujua unafanya nini. Kuna NB za spoti zilitoka kiwandani na shokapu za Bilstein za njano, hizo ndo nilikuwa nazitafuta. Halafu faida ambayo wengi hawaijui ni kwamba maunti ya NB inaipa shokapu nafasi zaidi ya kupanda kabla haijagonga ile raba ya kuzuia. NA safari yake ni fupi mno, shimo dogo tu gari imeshakaa juu ya raba, mtu anasema springi ngumu kumbe springi haina hata kosa.

Nikampata jamaa mwenye NB ambaye keshaagiza koilova, bado hazijafika. Hapo hapo nikamwomba, kaka nikubalie niendeshe gari yako kabla hujafungua kitu. Akanishangaa lakini akanipa funguo. Nikaipitisha kwenye matuta, nikaibana kwenye kona, nikafunga breki za ghafla, gari imetulia tuli. Kwa nini nilifanya hivyo? Kwa sababu shokapu ikishakaa ndani ya springi huwezi kuipima kwa mkono, springi inaificha kila kitu. Ukikuta miguu imelazwa chini inauzwa, unachoweza kuangalia ni rodi kama ina kutu au mikwaruzo, na kama kuna mafuta. Na hapo kwenye mafuta msidanganyike, shokapu iliyong'arishwa inanitia wasiwasi kuliko yenye vumbi. Vumbi kavu sawasawa kuanzia juu mpaka chini ni dalili nzuri sana, vumbi haliwezi kukaa kavu kwenye kitu kinachovuja.

Bei tulipatana kirafiki, naye alikuwa anataka stoo ibaki wazi, kwa hiyo hela niliyotoa kwa miguu yote minne haifiki shokapu moja mpya ya maana. Na kwa kuwa ilikuja imefungwa kamili sikugusa kile kibano cha springi hata kidogo. Siipendi ile kitu. Springi ikichomoka pale inaua, kama unalazimika basi tumia kibano kizima siyo kile kilichopinda cha kuazima.

Bushi nilinunua mpya. Hapa sikubana hela. Halafu wakaanza tena, weka za poliurethani, ile plastiki ngumu, hazichoki! Poliurethani ni nzuri kwa mtu wa mashindano, ila usipozipaka grisi yake vizuri zinalia kwii kwii kila unapopunguza mwendo, na kila mtikisiko wa barabara unaupata mgongoni. Mimi gari naitumia barabarani, nikachukua za raba. Ongeza linki za stabilaiza, vijiti vya ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona, ambazo ni hela ndogo na ndo zilikuwa zinagonga ile ko ko ya mbele, ongeza bolti mpya za alaimenti. Hizo bolti agiza kabla hujaanza kazi, maana utakapozikata hutakuwa na gari mpaka zifike.

Kuinua gari, stendi, kuvua magurudumu, hayo sielezi. Ila kabla hujainua, gari ikiwa imesimama kwa miguu yake chini pasawa, pima kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) mpaka ukingo wa fenda, kila kona, andika kwenye kipande cha selotepu ubandike palepale kwenye fenda. Faida yake nitaisema huko mbele. Na linki za stabilaiza zifungue pande zote mbili kabla ya kugusa mguu wowote, ukifungua upande mmoja tu utashindana na ile fimbo siku nzima unadhani amu imeganda.

Bolti sasa. Jamani zile bolti! Zile za alaimenti za amu za chini zimepita ndani ya kibomba cha bushi, na kutu ya miaka yote hiyo imezifanya kitu kimoja. Unaweka spana, unavuta kwa nguvu zako zote, unaona inazunguka robo duara, unafurahi, ukiachia spana inarudi yenyewe ilikotoka. Ni raba hiyo inajikunja na kujikunjua, bolti yenyewe haijasogea hata kwa nywele. Nikamwaga mafuta ya kulegeza kutu jioni, asubuhi, jioni tena. Wapi. Nyundo nayo inachanua kichwa cha bolti tu.

Fundi mmoja mzee akaniambia kwa kujiamini, kijana chukua gesi, choma raba iyeyuke, bolti itatoka yenyewe. Haya, nikachoma. Moshi ulitoka mweusi tii, majirani wakaja mbio wakidhani gari inaungua, mmoja kabeba ndoo ya mchanga, harufu ilikaa kwenye nguo zangu mpaka nikazitupa. Raba ikawa inatema matone yenye moto chini, mie naruka ruka na tambara lenye maji. Na baada ya sinema yote hiyo? Bolti bado imekumbatia kibomba chake, kibomba kimebaki kwenye fremu, na lile pete la nje la bushi limebaki ndani ya amu limekaza vilevile. Yaani nimechoma kitu pekee ambacho hakikuwa tatizo. Mzee nilipompigia akasema moto ulikuwa mdogo. Sawa.

Kilichofanya kazi ni msumeno wa umeme ule wa kwenda na kurudi, wenye blade ndefu ya chuma. Kati ya uso wa bushi na sikio la fremu kuna kamwanya, unapenyeza blade hapo unakata bolti upande huu na upande ule, amu inaanguka yenyewe. Grinda haiingii vizuri, utakwangua fremu, na fremu ndo kitu usichotaka kukwangua. Ile bolti ndefu ya nyuma, inayopita chini ya chuma kinachobeba habu, nayo ni maarufu kwa kuganda, ila yangu kwa bahati ilitoka kwa joto kidogo na matusi.

Kutoa lile pete la nje la bushi kwenye amu, wenzangu wanapeleka kwenye presi wanalipia kila moja. Mimi nilichukua blade ya msumeno wa mkono, nikaifungua kwenye fremu yake, nikaipitisha ndani ya pete, nikaifunga tena, nikakata mfereji kutoka ndani kwenda nje. Taratibu, unasikia sauti inabadilika ukikaribia chuma cha amu, hapo simama. Pete likishapata ufa linapoteza ubishi wote, unaligonga na tindo butu kidogo linajikunja linatoka mzima mzima. La kwanza linakula muda, ukishika mkono mengine yanakwenda chap chap.

Kuingiza mpya nilijitengenezea presi: stadi ndefu yenye nyuzi mwanzo mwisho, nati mbili, washa nene, na soketi mbili. Soketi moja kubwa kuliko bushi inakaa upande wa kupokea, nyingine ndogo kidogo inakaa kwenye ukingo wa pete la nje. Usikanyage raba wala kibomba cha kati, utaiua bushi kabla haijafanya kazi. Safisha tundu kwa msasa, weka grisi kwenye nyuzi na kwenye washa, kisha kaza nati bushi inatambaa ndani kwa unyenyekevu kama droo ya kabati. Bushi zenyewe nilizilaza kwenye friza usiku, chuma kikipoa kinasinyaa kidogo na hicho kidogo kinasaidia kuanza bila kwenda upande. Bolti mpya nilizipaka grisi ya kopa mwili mzima, isipokuwa kwenye nyuzi za nati, ili atakayekuja kuzifungua asinitukane.

Sasa ile selotepu. Bushi ya raba haizunguki, imeshikana na kibomba cha ndani, na bolti ikikazwa inakibana kibomba kisisogee, kwa hiyo amu ikipanda na kushuka ni raba inayojisokota. Ukikaza bolti wakati magurudumu yananing'inia, ukishusha gari raba zote zinabaki zimesokotwa muda wote hata gari ikiwa imepaki, gari inakaa juu juu na bushi mpya inachanika mapema. Mafundi wengi hawajali hili kabisa, ndo hao wanaosema bushi za siku hizi feki. Ingiza bolti zote kwa mkono tu, halafu jeki chini ya habu, panda mpaka kipimo kifike kile cha kwenye selotepu, ndo ukaze. Springi za NB zilitofautisha urefu kidogo tu kwangu, kwa hiyo baada ya kuzungusha gari mtaani nililegeza na kukaza tena ikiwa imesimama kwa magurudumu juu ya mbao. Uchovu, ila ilikuwa sawa.

Alaimenti nilipeleka kwingine. Bolti zinazunguka kwa kidole safari hii. Nilimwambia fundi anipe kemba hasi, yaani matairi yainame ndani kwa juu, ya digrii 1 na kidogo, mbele matairi yatazame mbele karibu sawa kabisa, na nikakaa kwenye kiti cha dereva wakati anapima, maana gari nyepesi namna hii uzito wa mtu unabadilisha vipimo. Alicheka lakini namba zilisogea akaziona mwenyewe.

Haigongi. Breki inasimama mstari, kona unaiwaza tu inaelekea. Jamaa wa NB alinipigia juzi kati, koilova zake za bei rahisi zimeanza kupiga kelele juu kwenye maunti, akauliza kiaina kama ile miguu bado ninayo. Ninayo, na haiuzwi. Kagueni nati zote baada ya kuendesha kidogo, hasa za juu kwenye maunti na za linki. Yangu moja ya linki ya kushoto ilihitaji nusu mzunguko.