Tangazo likikaa sana linageuka mila

Nikiongea na watu kuhusu matangazo wengi wananiambia aah mimi hayanipati, mimi nangoja tu zile sekunde zipite alafu naendelea na video yangu. Sawa. Mimi hilo la kwenye simu halinitishi sana manake linakukera na unajua limekuja kukuuzia. Ninaloliogopa ni lile limekaa miaka mpaka hakuna anayekumbuka kuwa lilikuwa tangazo, watu wanasema ndivyo tulivyozoea.

Ebu niwape la hapa kwetu Lamu. Ramadhani iliyopita tulikuwa tunafuturu kwa mamangu mdogo kule Mkomani, kila kitu kipo, tende, kaimati, viazi vya karai, mbaazi za nazi, uji wa pilipili manga, na jagi kubwa la ukwaju. Na ukwaju wa mamangu mdogo si mchezo, anauroweka tangu adhuhuri, anaufikicha kwa mkono mpaka kokwe zibaki tupu, anauchuja kwa kitambaa manake anasema chujio linapitisha nyuzi, alafu tangawizi, iliki, na sukari ya kutosha (ya kutosha kwake yeye, daktari asisikie). Sasa mtoto wa dadangu akaangalia vyakula vyote akauliza, "Bibi, kwani leo hakuna juisi ya Ramadhani?" Mamangu mdogo akamwambia si hii hapa babangu. Mtoto akasema la, ile ya Ramadhani, ile ya pakiti iko na mwezi na taa.

Watu walicheka mbavu hawana. Lakini ukifikiria, mtoto hana kosa. Tangu apate akili kila Ramadhani anaiona ile pakiti kwenye tivi, familia imekaa imevaa kanzu nyeupe pee, adhana inalia, mama anamimina kitu chekundu kwenye glasi zenye barafu. Kwake yeye hiyo ndiyo futari yenyewe, ukwaju ni kinywaji tu cha bibi.

Na msidhani ni sisi peke yetu. Japani Wakristo ni wachache sana, lakini KFC, wale wa mikahawa ya kuku, walianza kampeni yao ya kuku wa Krismasi 1974 na leo familia zinaagiza kuku wiki kadhaa mapema zisije zikakosa. Pete ya uchumba ya almasi nayo, watu wanaiona ni kitu cha tangu na tangu, kumbe kampuni ya De Beers ndiyo iliyoisukuma sana Marekani, na ule msemo wa kuwa almasi ni ya milele uliandikwa 1947 na mwandishi wa matangazo Frances Gerety. Huku kwetu posa ina taratibu zake, kuna wazee, kuna mahari, lakini siku hizi unamuona kijana amepiga goti na kisanduku mkononi na mwenzake anamrekodi! Vimto ndiyo inanishangaza zaidi. Ilitengenezwa Manchester 1908, ikauzwa kama kinywaji cha kutia nguvu mwilini, na leo ukienda nchi za Ghuba Ramadhani bila Vimto wanaona haijakamilika. Manchester, jamani.

Kuna wenzangu watasema basi ubaya uko wapi, watu si wanafurahi? Kwa juisi labda hakuna, mbali na sukari. Lakini njia ndiyo hiyo hiyo kamari ilipitia. Nenda banda lolote la mpira siku ya mechi kubwa uone, goli likiingia kuna vijana wanaangalia simu kwanza kujua mkeka wao wa kamari umechanika ama bado, ndio wajue kama washangilie. Miaka ya nyuma mpira uliangaliwa bila dau na utani ukatosha. Serikali yenyewe inajua nguvu ya hii kitu, sheria ya tumbaku ya 2007 ilipiga marufuku matangazo ya sigara, na Aprili 2025 bodi ya kamari ikasimamisha matangazo yote ya kamari siku 30. Kama hayampati mtu yangezuiwa ya nini?

Kinachoniuma ni kuwa ukwaju hauna wa kuusemea. Mama anayeuza mafungu yake pale sokoni karibu na Ngome atatoa wapi pesa za kuweka familia ya kanzu nyeupe kwenye tivi? Akipiga kelele sana atasikika mpaka kwa muuza samaki.

Bintiye mamangu mdogo naye hakukaa kimya. Siku chache baada ya maneno ya yule mtoto akatia ukwaju kwenye chupa za plastiki, akabandika karatasi, akapiga picha akaweka status. Na kwenye karatasi ameweka nini? Mwezi na taa! Nikamwambia si umewaiga wale wale wa pakiti, akanijibu kwani mwezi ni wao? Sikuwa na jibu. Oda zilikuja mpaka za Shela, yule mtoto ndiye alikuwa anabandika karatasi, na kila chupa akiimaliza anaiita ya Ramadhani.