Paundi 78 kuangaliwa tu pikipiki

Jana nimelipa gereji paundi 78 na pikipiki haijawaka. Narudia, haijawaka. Paundi 65 ya saa moja ya fundi kuangalia, VAT asilimia 20 juu yake, halafu napewa karatasi imeandikwa wayaringi yote ibadilishwe, paundi 340 hapo bado hela ya kazi. Mimi nimekulia Mbagala, fundi wa kule asipoiwasha haombi hata ya soda.

Pikipiki yenyewe Honda CG125 ya 1998, naendea zamu ya usiku hapa Leicester, Uingereza. Hii mashine kila bodaboda anaijua, zile Sanlg na Fekon zilizojaa kwetu kabla ya Boxer injini zake zimeigwa kwenye hii hii. Ilianza wiki mbili nyuma, inazima ghafla barabarani, taa zinawaka, honi inalia, ila plagi haitoi moto, ukisubiri kidogo unapiga kiki inawaka kama haikuwa na kitu. Nikaweka plagi mpya D8EA, wapi, juzi ikazima jumla.

Nimeisukuma kutoka gereji mpaka home kwenye mvua, nikampigia video fundi wangu wa Mbagala, nimemkuta anakula. Akaweka sahani pembeni akauliza, "Kaka, ikizima unakuwa umenyoosha au unakata kona?" Nikavuta kumbukumbu, mbona kweli, mara zote ilikuwa kwenye kipilefti au naingia kwenye geti la kazini! Akasema betri na fyuzi achana navyo, CDI ya hiyo, kile kiboksi cha kurusha moto wa plagi, inakula umeme wa magneti ya injini, sio wa betri, wewe chomoa waya mweusi wenye mstari mweupe pale kwenye CDI, huo ndio wa kuzimia, ukigusa bodi tu moto unakata. Nimechomoa, nimelaza plagi juu ya injini, kiki moja, cheche ya bluu pwaa. Maana yake CDI nzima, koili nzima, ugonjwa uko kwenye huo waya tu. Tukaufuata mpaka shingoni pale usukani unapozungukia, umechubuka kiasi cha kucha, shaba inagusa chuma. (Ukijaribu hivi ujue funguo haitaizima tena, shika breki, weka gia, achia klachi.)

Saa nzima ya paundi 65 na hakuna aliyeniuliza inazimia wapi.

Sisemi ni wezi, yule kijana wa gereji alikuwa na adabu na chai alinipa, ila kafundishwa kubadilisha, hajafundishwa kutafuta. Na fundi wangu huyu watu wanamwita wa chini ya mwembe, anabishaniwa buku mbili na mtu mwenye simu ya milioni, inaniuma sana hiyo.

Wewe unayejiandaa kuja huku na unawaza pikipiki, CBT, cheti cha mafunzo ya pikipiki, inakaa miaka miwili tu kisha unarudia, MOT, ule ukaguzi wa chombo, haizidi paundi 29.65 kwa mwaka, hizo lipa tu maana zinakulinda. Lakini njoo unajua kushika tesita, kile kipimo cha umeme. Betri ikitulia isome volti 12.6 hivi, ukivuta mafuta ipande kukaribia 14, isipopanda ndio uanze kuwaza rektifaya (ya kuchajisha betri) na magneti. Na baridi ikianza huku wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, ile chumvi inakula soketi za waya, zangu nilizikuta zina ukungu wa kijani zote, nimekaa na mswaki na sprei mpaka saa sita usiku. Kwetu barabara haimwagiwi chumvi, ilibidi nimsogezee fundi kamera aangalie.

Tepu nyeusi paundi moja na nusu. Leo nimeenda kazini nayo, nimezunguka kipilefti kile kile mara tatu kwa makusudi, inaunguruma tu.

Asubuhi nikamtumia fundi elfu hamsini kwenye M-Pesa. Akapiga muda huo huo, kaka hii ya nini, mbona sijashika hata spana.