Maua ya Kitulo huja na mvua yake

Saa nane usiku binti yangu alinigusa bega. "Baba, huku chini kuna maji." Niliwasha tochi ya simu mle hemani, nikakandamiza godoro la sponji kwa kiganja, maji yakapanda katikati ya vidole. Ilikuwa Januari 2023, kwenye uwanda wa Kitulo, kusini mwa Tanzania, mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na mvua ilikuwa haijakatika tangu magharibi. Mimi na mdogo wangu tulimbeba mtoto hadi garini, tukamvua nguo zilizolowa, tukamviringishia blanketi pekee lililobaki kavu. Alitetemeka karibu saa nzima. Alikuwa na miaka kumi, na mlio wa meno yake yakigongana nausikia hadi leo.

Kulipopambazuka, sisi wawili tukiwa tunakamua nguo, yeye alikuwa amesimama mbele ya ua la rangi ya chungwa lililochomoza kwenye nyasi kama mwenge. Akaniuliza tutarudi lini. Nikamjibu mwakani, nikajua hapo hapo kwamba nimejipa kazi.

Watu wengi walinishauri nisubiri kiangazi. Nawaelewa, lakini Kitulo haiendewi hivyo. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, na ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 ilikuwa kwa ajili ya mimea, kwa sababu mizizi ya okidi ilikuwa ikichimbwa na kusafirishwa hadi Zambia kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Pale pana aina 45 za okidi zinazoota ardhini. Zinachanua kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, yaani miezi ile ile ya mvua. Ukienda Juni au Julai utakuta nyasi kavu na sakitu asubuhi. Anayetaka maua lazima ayapokee na mvua yake, na vifaa vyote nilivyonunua baada ya pale nilivipima kwa mvua hiyo.

Nilianza kwa kutafuta maji yalipitia wapi. Nililitandaza hema uani kwetu Uyole, Mbeya, nikalikagua kipande kwa kipande. Lilikuwa jipya, la dukani mjini, na muuzaji alinihakikishia haliingizi maji. Kitambaa cha juu kilikuwa kama kofia tu: kinafunika paa, kuta zinabaki wazi. Hilo lilikuwa tatizo la kwanza. La pili nililitengeneza mwenyewe. Nilikuwa nimetandika turubai chini ya hema ili kuzuia unyevu, nikaliacha litokeze pande zote kwa urefu wa mkono, nikiamini nafanya la maana. Kumbe lile turubai lilikuwa linakinga mvua kama bakuli na kuileta yote chini yetu. Sakafu nyembamba ya hema, ikikandamizwa na watu watatu, haikuweza kuizuia. Turubai la chini linatakiwa liwe dogo kuliko sakafu ya hema, liingie ndani kidogo kila upande, lisionekane hata ncha. Nimeshawaeleza watu wengi jambo hili, na karibu kila mmoja alikuwa analitandika kama nilivyolitandika mimi.

Hema la pili nililipata Mwanjelwa, kwenye mtumba. Mama anayeuza pale ananijua, nikamweleza shida yangu, akaniambia, "Subiri balo la Jumanne, baba." Nilikwenda Jumanne tatu mfululizo. Ya tatu alinitolea hema la watu watatu, la kijani lililopauka, nguzo zake za alumini, na kitambaa cha nje kinachoshuka hadi karibu na ardhi pande zote. Kwenye lebo paliandikwa 3000 mm. Maana ya namba hiyo ni kwamba kitambaa kinaweza kubeba safu ya maji yenye kimo cha milimita 3,000 kabla hakijaanza kuvuja. Sakafu inahitaji namba kubwa zaidi ya paa, maana goti la mtu mzima linakandamiza maji kwa nguvu kuliko tone la mvua. Nililipa shilingi 95,000, chini ya bei ya lile jipya.

Kwenye mtumba usilipe kabla hujalinusa hema. Harufu ya uvundo na unatanata wa ndani ni dalili kwamba ule utando unaozuia maji umeanza kuoza, na ukishaanza haurudi. Fungua zipu zote hadi mwisho na uzifunge. Kisha pitisha kidole kwenye mishono kwa ndani, uone kama ile tepu nyembamba iliyobandikwa kiwandani bado imeshika. Hema langu lilikuwa limebanduka tepu kwenye kona mbili. Nilisugua nta ya mshumaa kwenye mishono ile, nikaipitishia pasi ya uvuguvugu juu ya kitambaa cha pamba. Inafanya kazi, lakini mimi huirudia kabla ya kila safari.

Tulilijaribu kwa mpira wa maji. Mdogo wangu alilimwagia nusu saa, mimi nimelala ndani nimetazama juu. Halikuingiza tone. Usiku nililala humo, na asubuhi nikakuta matone upande wa ndani wa kitambaa cha nje. Nilikata tamaa kabisa, hadi nilipokumbuka kwamba usiku ule mvua haikunyesha. Ni pumzi yangu mwenyewe. Nilikuwa nimefunga matundu yote ya hewa kwa kuogopa baridi, mvuke ukakosa pa kutokea, ukapoa na kugeuka maji. Tangu siku hiyo matundu yanakaa wazi hata mvua ikinyesha, na mlango tunauacha na ufa wa kiganja kwa juu.

Kuhusu baridi, hesabu yangu ilikuwa hivi. Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kwa nyuzi 6 hivi. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700, kwa hiyo Kitulo ni baridi ya nyumbani ukitoa nyuzi 5 au 6. Nilipokwenda kutafuta mifuko ya kulalia, wauzaji walinionyesha namba kubwa kubwa: huu ni wa kutoa kumi, huu wa kutoa kumi na sita. Soma lebo yenyewe. Mifuko mingi ya Ulaya ina namba tatu. Ya kwanza ni joto ambalo utalala kwa raha, ya pili ni kikomo cha mtu aliyejikunja, ya tatu ni ile ambayo unaweza kunusurika tu usiku mmoja. Wauzaji husoma hiyo ya tatu. Wa binti yangu ulikuwa na 4, −1 na −16, nikauchukua kwa sababu ya ile 4. Niliacha mfuko mzuri sana wa manyoya ya bata, mwepesi ajabu, kwa sababu manyoya yakilowa yanashikana na joto lote linapotea. Nyuzi za kiwandani ni nzito na zinajaza begi, lakini zikipata unyevu bado zinakupa joto kiasi. Kwa mvua ya kwetu sikuona sababu ya kubishana.

Ila mfuko wa kulalia pekee hautoshi, na jambo hili nililijua mwezi Julai kwa kulala uani. Usiku wa kwanza nilitumia godoro la kujaza upepo. Lilikuwa laini mno, na nilipigwa baridi ya mgongoni hadi alfajiri. Mwili unakandamiza nyuzi za mfuko upande wa chini, joto halikai tena, na hewa ya ndani ya godoro inazunguka na kulipeleka ardhini. Usiku wa pili nilitandika mikeka miwili ya sponji ngumu, ile wanayotumia wafanya mazoezi, isiyonyonya maji, mmoja juu ya mwingine. Mfuko ule ule, soksi zile zile, nikalala hadi jogoo. Kila mkeka ulinigharimu shilingi 15,000. Kama ningekuwa na fedha ya kitu kimoja tu, ningenunua mikeka hiyo kabla ya kingine chochote.

Viatu nilikosea mara moja. Nilinunua buti za ngozi za kupandia milima, za mtumba, nzuri kwa macho. Nilipanda nazo mlima Ngozi kutazama lile ziwa la kreta, na wakati wa kushuka soli ya kulia ikaanza kumeguka kama mkate mkavu. Soli za namna ile zinaoza polepole zikiwa stoo tu, hata kama kiatu hakijavaliwa. Siku hizi nikikuta buti la mtumba nabonyeza soli kwa ukucha na kulikunja mara kumi. Likitoa unga au ufa, naliacha. Kitulo yenyewe tulitembea na gambuti, kama wafugaji na wakulima wa viazi wa kule, na soksi mbili za sufu. Zile nyasi zinakulowesha hadi magotini asubuhi, na hakuna buti la ngozi linaloweza kushindana na gambuti hapo.

Uwanda ule ni nyasi tupu, na ndani ya hifadhi huokoti kuni. Nilibeba jiko la kopo la gesi. Makopo mengi yanayouzwa kwetu yana butani, ambayo ikikaribia nyuzi 0 inagoma kugeuka gesi, na kopo lenyewe linazidi kupoa kadiri linavyowaka. Asubuhi ya kwanza moto ulikuwa mdogo kama wa kibatari. Nililiweka kopo ndani ya jaketi robo saa, likarudi. Usiku wa pili lililala miguuni pangu. Usilipashe motoni kamwe. Jambo lingine, kwenye kimo kile maji yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi, kwa hiyo maharage mabichi yatakumalizia gesi kabla hayajaiva. Tulikwenda nayo yameshachemshwa, tukayaunga tu. Chupa ya chai ilijazwa kila jioni kabla ya kulala.

Mdogo wangu alitaka tubebe jiko la mkaa la kupasha joto hema, kama watu wengi wa Makete na Njombe wanavyofanya chumbani. Nilikataa, na tuligombana kidogo. Mkaa ukiwaka mahali palipofungwa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, na aliyelala haamki. Nimezika jirani na mkewe kwa sababu hiyo hiyo, msimu wa baridi, nyumba ya matofali. Hema ni dogo kuliko chumba. Tulijaza maji ya moto kwenye chupa mbili, tukazivika soksi, moja ikaingia kwenye mfuko wa mtoto.

Vifaa vya umeme sitavikalia sana. Tochi ya kichwani ya kuchaji kwa kila mtu, kwa sababu mikono miwili inahitajika kufunga kamba gizani. Pawabenki ya 20,000 mAh ilichaji simu yangu ya 5,000 mAh mara tatu, si nne, maana umeme mwingine hupotea njiani. Baridi inapunguza nguvu ya betri, kwa hiyo simu na pawabenki zililala nasi ndani ya mifuko. Ramani nilizipakua nyumbani, na simu ikakaa kwenye hali ya ndege, kwani kuhangaika kutafuta mtandao ndiko kunakomaliza chaji. Paneli ndogo ya sola niliiazima, ikashinda kwenye ukungu siku nzima bila faida. Sikununua ya kwangu.

Tulirudi Januari 2024, kupitia Chimala na zile kona hamsini na saba hadi Matamba. Niliwaomba askari wa hifadhi watuonyeshe mahali pa kambi palipoinuka kidogo, nikachuchumaa na kutazama maji yangeelekea wapi, ndipo nikatandaza turubai, ncha zote zikiwa ndani. Mvua ilianza saa moja usiku. Ilipiga hadi saa kumi, na upepo wake. Mara tatu niliamka nikapitisha kiganja sakafuni, kila kona, chini ya mikeka. Pakavu. Binti yangu hakuamka hata mara moja. Asubuhi yeye ndiye aliyefungua zipu, akatoa kichwa kwenye ukungu, akakaa kimya muda mrefu, kisha akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini okidi alizoziona bila kutoka mlangoni. Alifika kumi na saba.

Nyumbani hema lilining'inia barazani siku tatu kabla sijalikunja. Ukilifungia na unyevu linaoza mwezi ule ule. Yeye ndiye aliyelikagua, akachomoa jani moja la nyasi lililonasa kwenye zipu, akaliweka kwenye daftari lake la sayansi.