Nilivyoinasa programu iliyokuwa inakula bando langu kimya kimya

Kilichokuwa kinaniuma sio bando kuisha, ni kutojua nani analimaliza. Natumia hotspoti ya simu kwenye laptopu ya Windows, brauza nimefunga, nimefungua dokumenti moja tu naandika, lakini nikicheki simu naona data inatembea. Humo ndani kuna kazi zangu na pasiwedi zangu, lazima nijue nini kinatoka na kinaenda wapi.

Nikaanza na Resource Monitor, unaandika resmon pale kwenye kutafuta afu unaenda upande wa Network, unaona kila programu iliyo kwenye mtandao inatuma na kupokea kiasi gani kwa sekunde. Nikakuta svchost.exe zimejaa, moyo ukanilipuka nikajua tayari ni kirusi. Kumbe svchost ni kama gari tu, safari ni ya abiria waliomo ndani, yaani huduma za Windows zenyewe. Kujua imebeba nini chukua namba yake ya PID (namba ambayo Windows inaipa kila programu inayofanya kazi), fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, andika tasklist /svc, halafu itafute ile namba. Ila angalia pia faili lake linakaa wapi, ya kweli kwa kawaida iko C:\Windows\System32, ukiikuta kwenye folda ya ajabu ajabu hapo una haki ya kuogopa.

Moja ya zile zangu ilibeba Delivery Optimization, hii inashusha apdeti na ikiwa imeruhusiwa inazigawa kwa kompyuta nyingine pia, kwa data yako. Nikazima kugawa. Data ikapungua, haikukoma.

Bado kuna kitu kilikuwa kinaruka mara moja moja, sekunde chache kimetulia, na hiki ndo kilinitesa. Kila nikikimbilia netstat -ano sikuti kitu, maana netstat, amri ya kuorodhesha konekisheni za mtandao, inakuonyesha hali ya muda uleule tu, kama picha, aliyeshapita kashapita, na konekisheni ikishafungwa ikabaki TIME_WAIT, yaani inasubiri kufutwa, inaandikwa PID 0 kwa hiyo hujui ilikuwa ya nani. Hata zile zinazobaki usiziogope zote, ukiona 127.0.0.1 pande zote mbili hiyo ni kompyuta inaongea yenyewe kwa yenyewe, haijatoka nje.

Basi nikaamua kuiwekea mtego. Nikafungua Command Prompt kama administreta (bila hivyo haikubali) nikaandika netstat -bno 5 > C:\Users\Public\mtandao.txt nikaiacha. Ile 5 inairudia kila baada ya sekunde 5, ile b inaandika jina la programu na hilo ndo la muhimu, kwa sababu ukija kusoma baadaye programu imeshajifunga na PID peke yake haikusaidii. Nikaendelea na kazi zangu kama saa mbili hivi, nikarudi nikaisimamisha kwa Ctrl+C nikaanza kusoma mstari kwa mstari. Faili ni refu, inachosha kweli, lakini nikaliona jina nisilolijua kabisa, mara ya kwanza SYN_SENT, yaani imebisha hodi haijajibiwa, mstari wa chini ESTABLISHED, wameshaanza kuongea, poti 443, mlango wa kawaida wa tovuti za https. Na linajirudia kila saa!

Nikalitafuta lile jina kwenye diski, likanipeleka kwenye folda ya programu ya printa ambayo nilishaiondoa zamani. Printa yenyewe sina tena. Programu ilitoka ikaacha kijikazi chake cha apdeti ndani ya Task Scheduler, sehemu ya Windows inayoamsha kazi kwa ratiba, kila saa kinaamka kinaenda kuuliza kama kuna toleo jipya. Hili lilinikera sana, mtu akisema ondoka, ondoka na mizigo yako yote.

Nikakizima pale Task Scheduler, afu nikaongeza sheria ya kuizuia kwenye faiwoli, upande wa Outbound Rules, sheria za wanaotoka. Na hapa wengi tunakosea, faiwoli ya Windows kwa kawaida yake inazuia wanaoingia, wanaotoka inawaachia wote, kwa hiyo kale kadirisha kanakouliza ruhusa ni ka kuingia, usidhani ukikataa umeizuia kutoka.

Nikarudisha mtego saa tatu nyingine. Faili lote, lile jina halimo.