Saruji iko Kolwezi, hifadhidata iko Frankfurt

Kwa miaka minne, programu ya mauzo niliyoiandika kwa lugha ya Java ilifanya kazi bila usumbufu katika duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo. Hifadhidata yake, MySQL, ilikaa kwenye kompyuta iliyowekwa chini ya meza ya keshia, na kompyuta nyingine mbili ziliifikia kwa waya uliopitishwa juu ya dari. Kisha Mama mwenye duka akafungua depo Likasi, na mwaka uliofuata akafungua nyingine Kolwezi, mwendo wa takriban kilomita 300, akaniita na kuniambia: "Mwanangu, nataka nikiwa nyumbani nijue imebaki mifuko mingapi ya saruji Kolwezi, bila kumpigia mtu simu." Nilimjibu kwamba hiyo ni kazi ya siku mbili. Ilinichukua miezi mitatu, na karibu muda wote huo niliutumia kurekebisha makosa yangu mwenyewe.

Tulikodi seva ndogo ya Linux, yaani kompyuta iliyo hewani saa zote, huko Frankfurt, Ujerumani. Nilihamisha hifadhidata, nikafungua faili la mipangilio la programu, nikaifuta anwani ya zamani, 192.168.1.10, na kuweka anwani ya umma ya seva mpya. Nilidhani nimemaliza, lakini programu haikuunganika kabisa. Ninamshauri yeyote atakayefika hapo aiache kwanza programu yake na kujaribu kwa amri ya mysql kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), kwa sababu namba za makosa inazotoa zinaeleza safari imekwama wapi: 2003 maana yake seva haikufikiwa, 1130 maana yake umefika lakini kompyuta yako hairuhusiwi kuingia, na 1045 maana yake jina au nenosiri limekataliwa. Mimi nilipata zote tatu kwa zamu. Kwenye Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, MySQL husakinishwa ikisikiliza 127.0.0.1 peke yake, yaani haimjibu mtu yeyote aliye nje ya mashine yenyewe, na mpangilio unaohusika unaitwa bind-address. Zaidi ya hapo, MySQL humtambua mtumiaji kwa jina pamoja na mahali anapotokea, hivyo 'duka'@'localhost' (aliye kwenye mashine yenyewe) na 'duka'@'%' (aliye popote) ni akaunti mbili tofauti, kila moja ikiwa na nenosiri na haki zake. Wanaotumia PostgreSQL, hifadhidata ya aina nyingine, watakutana na mambo hayohayo katika listen_addresses na faili la pg_hba.conf.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi. Nilipochoka kukataliwa, nilifungua poti 3306, yaani mlango wa mtandao ambao MySQL husikilizia, kwa dunia nzima. Asubuhi yake kumbukumbu za seva zilikuwa zimejaa majaribio ya kuingia kwa jina la root, yaani msimamizi mkuu, kutoka anwani ambazo sikuwahi kuziona, kwa sababu ziko programu ambazo kazi yake usiku na mchana ni kuzunguka intaneti zikigonga poti zinazojulikana, 3306 ya MySQL, 5432 ya PostgreSQL na 1433 ya SQL Server. Nilijaribu kuruhusu anwani za maduka yetu tu, lakini hilo halikudumu hata wiki moja. Anwani tunayopewa hapa na mtoa huduma hubadilika kila rauta inapozimwa na kuwashwa (na kwa jinsi umeme wetu ulivyo, rauta huzimika mara nyingi), tena mara nyingine anwani moja huwa ya wateja wengi kwa pamoja, kwa hiyo kumruhusu mmoja ni kuwaruhusu na majirani zake.

Kilichofaa kwa muda huo ni handaki la SSH, yaani njia iliyofungwa kati ya kompyuta mbili kupitia intaneti. Amri ya ssh -L 3307:127.0.0.1:3306 hufungua poti 3307 kwenye kompyuta ya duka na kupeleka kila kinachoingia humo, kikiwa kimesimbwa, hadi kwenye MySQL ya Frankfurt, ambayo huona kana kwamba inazungumza na mtu aliye ndani ya nyumba yake. Nilirudisha bind-address ilivyokuwa na kufunga 3306. Leo ningetumia WireGuard, handaki la aina nyingine (VPN), ambayo hurudi hewani yenyewe intaneti inaporudi, bila mtu wa kuianzisha upya.

Tulikuwa salama, lakini tulikuwa wazito mno, na hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa ningelijua mapema. Ukurasa wa kuonyesha akiba ya bidhaa, uliokuwa ukifunguka kabla hujamaliza kubonyeza, sasa ulichukua zaidi ya sekunde arobaini. Nililaumu intaneti, nikanunua kifurushi kikubwa zaidi, na hakuna kilichobadilika. Baadaye niliwasha kumbukumbu ya maulizo na kuona nilichokuwa nimeandika miaka minne nyuma: programu iliuliza kwanza orodha ya bidhaa, ambazo ni 240, kisha kwa kila bidhaa ikatuma ulizo jingine la kutafuta idadi iliyobaki. Kwenye waya wa darini kila ulizo lilikwenda na kurudi chini ya milisekunde moja, na hakuna aliyeona kasoro. Kwenda Frankfurt na kurudi, nilipima takriban milisekunde 180. Zidisha kwa 240, utapata sekunde 43.

Ni sawa na kumtuma mtoto sokoni akuletee nyanya moja, arudi, umtume kitunguu kimoja, arudi, umtume chumvi. Ukimnunulia viatu vya kukimbilia utapunguza kidogo, lakini dawa ni kumpa kikapu na orodha nzima. Kifurushi kikubwa cha intaneti hupanua barabara wala hakiifupishi. Kutoka Lubumbashi hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 7,000 hata kama ungeruka kama ndege, na mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo hata kebo iliyonyooka isiyo na rauta hata moja njiani isingeweza kukupa jibu chini ya milisekunde 70 hivi. Niliandika upya ukurasa ule kwa ulizo moja lenye JOIN, neno linalounganisha majedwali, ukafunguka kwa chini ya sekunde moja. Tangu siku hiyo, ninaposoma programu ya mtu, sihesabu mistari ya data inayoletwa. Nahesabu safari.

Jambo lililonishangaza ni kwamba tovuti ndogo niliyomtengenezea Mama kwa lugha ya PHP, ili aione akiba kwenye simu yake, haikuwahi kuwa nzito, ingawa niliiandika kwa uvivu uleule. Sababu ni kwamba tovuti ile inakaa kwenye seva moja na hifadhidata. Maulizo yake, hata yakiwa mia mbili, hayatoki nje ya mashine, na kinachosafiri hadi Lubumbashi ni jibu moja lililokwisha kupikwa. Nilipoelewa hilo niliacha kutafuta njia bora ya kuiunganisha programu ya mezani moja kwa moja na MySQL ya mbali, nikaanza kujiuliza kwa nini iunganike nayo hata kidogo.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kujiuliza hivyo. Nenosiri la hifadhidata lilikuwa ndani ya faili la jar, ambalo ndilo programu yenyewe, na jar ni zip (mafaili yaliyobanwa pamoja) iliyobadilishwa jina tu: kijana yeyote anayejua kuifungua angelipata, na kwa nenosiri lile angeweza kufuta jedwali zima la mauzo. Kwa hiyo niliweka huduma ya kati kwenye seva. Programu ya mezani hutuma ombi kwa HTTPS, njia iliyosimbwa ambayo tovuti hutumia, kila keshia akiwa na akaunti yake, na huduma ile peke yake ndiyo inayozungumza SQL, lugha ya hifadhidata, na MySQL, ikitumia mtumiaji asiye na ruhusa ya kufuta majedwali. Wapo watakaosema kwamba kwa maduka matatu hayo ni makuu mno. Mimi sioni hivyo, maana handaki humzuia mwizi aliye nje, na halisemi neno kwa aliyeketi mbele ya kompyuta.

Kilichobaki kilikuwa kukatika. Siku moja, nilipokuwa sijaweka bado huduma ya kati, keshia wa Kolwezi alinipigia, akiniita yaya, yaani ndugu mkubwa: "Yaya, mashine imelala tena, na mteja amekwisha kulipa." Draiva ya Java ya MySQL (kipande kinachoiunganisha programu na hifadhidata), usipoiwekea connectTimeout na socketTimeout, haina kikomo chake yenyewe cha kungoja, kwa hiyo intaneti ikikatika katikati ya ulizo programu inaweza kuganda kwa muda mrefu mno bila kutoa kosa. Hilo lilirekebishika kwa maneno mawili kwenye anwani ya muunganisho. Gumu ni hili: ombi la kuhifadhi ankara, au fakitire kama tunavyoiita hapa, limetumwa, na muunganisho umekatika kabla ya jibu kurudi. Je, limehifadhiwa au halikuhifadhiwa? Ukiwa upande wa Kolwezi huna namna ya kujua. Keshia alibonyeza tena, kama ambavyo mtu yeyote angebonyeza, na mwisho wa mwezi tukakuta mifuko 60 ya saruji imeuzwa mara mbili kwenye karatasi huku imelala ghalani.

Sasa kila ankara hupewa kitambulisho chake cha UUID, namba ndefu isiyojirudia, palepale mezani, kabla ya kutumwa, na safu hiyo kwenye jedwali imewekewa sharti la UNIQUE. Ombi likitumwa mara tano, la kwanza linahifadhiwa na yale manne hujibiwa kwamba ankara hiyo tayari ipo. Hilo ndilo lililoniruhusu kuongeza SQLite, hifadhidata ndogo ya faili moja, ndani ya kila kompyuta ya duka: ankara huandikwa humo kwanza, mteja anapewa karatasi yake na kuondoka, na foleni husafiri kwenda Frankfurt intaneti inapopatikana.

Kuhusu saa nitasema kwa ufupi. Seva ilikuwa imewekwa kwenye saa za Ujerumani, nami nilikuwa nahifadhi NOW(), yaani saa ya wakati huo, ya seva kwenye safu ya DATETIME, aina ambayo MySQL haiigeuzi kwa majira yoyote. Tulianza mwezi wa sita, wakati Ujerumani iko UTC+2 (saa mbili mbele ya UTC, saa ya kimataifa) sawasawa na Lubumbashi, na kila kitu kikaonekana sahihi. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi Wajerumani walirudisha saa zao nyuma, na kuanzia Jumatatu ripoti zikaonyesha mauzo ya saa moja asubuhi, kabla duka halijafunguliwa. Keshia mmoja alitiliwa shaka kwa siku mbili kwa sababu yangu, na nilikwenda kumwomba radhi. Sasa kila kitu huhifadhiwa kwa UTC na kugeuzwa wakati wa kuonyeshwa tu.

Kwenye simu ya Mama, pembeni ya kila depo, niliweka saa ambayo foleni yake ilifika mara ya mwisho. Hapigi tena simu Kolwezi kuulizia saruji. Hupiga pale anapoona saa ile imesimama muda mrefu, kuuliza kama umeme umekatika.